Santuri ya Twisti Katika Sanduku la Koboko

Kila wanapokutana walimu wa Kiswahili wa huku kwetu West Nile, swali moja halikosi kuzuka: lugha hii ilitufikiaje? Na jibu huwa lile lile siku zote, kwamba ilikuja na bunduki. Hutajwa askari wa Kisudani wa Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwachukua mwaka 1891 na ambao wazao wao ndio Wanubi wa leo. Hutajwa King's African Rifles, jeshi lililoajiri vijana wengi wa Kikakwa, wa Kilugbara na wa Kinubi na kuwafundisha kutii amri kwa Kiswahili. Kisha hutajwa Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, na tangazo lake la mwaka 1973 lililokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Serikali yake ikaanguka mwaka 1979, na Waganda wengi wa kusini wakabaki na kumbukumbu ya lugha waliyoulizwa kwayo maswali kwenye vizuizi vya barabarani.

Jibu hilo lina ukweli mwingi ndani yake, nasi hatukusudii kulipinga. Lakini limetuelemea darasani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sisi tulifurahi, kama mlivyofurahi nyinyi, walimu wenzetu. Wanafunzi, hata hivyo, hawapendi lugha kwa sababu Baraza la Mawaziri limekaa. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili katika mji wa Arua alitusimamisha katikati ya somo la ngeli na kuuliza, kwa heshima zote: "Mwalimu, hapa Uganda kuna mtu aliyewahi kuitumia lugha hii kwa furaha?"

Darasa lilicheka. Sisi tulimjibu kwa maneno ya kawaida juu ya biashara na umoja wa Afrika Mashariki, majibu ambayo mwalimu huyatoa wakati anatafuta jibu. Jibu lenyewe lilitujia miezi kadhaa baadaye, likiwa limefungwa ndani ya kipande cha kitenge, nalo lilikuwa na upana wa inchi saba.

Tulikuwa tumewapa wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja aende nyumbani akawaulize wazee methali, vitendawili na nyimbo zozote za Kiswahili wanazozikumbuka. Wengi walirudi na nyimbo za kwata, kama ilivyotarajiwa. Msichana mmoja wa Koboko akaleta daftari lake likiwa tupu. Akasema bibi yake ana nyimbo za Kiswahili, ila haziimbi, amezifungia katika sanduku. Wenzake wakamcheka tena. Sisi tukamwomba atupeleke.

Kutoka Arua hadi Koboko hakufiki kilomita sitini. Wakati wa ujana wetu safari hiyo ilikuwa ya vumbi na kuomba Mungu. Tangu barabara ya Vurra hadi Oraba ilipotiwa lami, mtu huondoka asubuhi na kula chakula cha mchana Koboko akiwa bado msafi. Bibi yule ni Mnubi, na kwa kuwa amekwisha kuhiji, watu wote wa mtaani humwita Hajati. Tulimkuta ameketi kwenye mkeka barazani, akichambua mboga. Tulisalimiana kwa salamu ndefu, kama ilivyo desturi ya watu wake, na hatukuulizwa haja yetu mpaka tulipokuwa tumekunywa chai. Kiswahili chake kina Kinubi ndani yake kama chai yake ilivyokuwa na tangawizi.

Sanduku lilikuwa la bati, la aina ambayo wanafunzi wa bweni huliita "kesi". Ndani yake mlikuwa na mavazi ya sherehe, hati za kiwanja, picha mbili, na chini kabisa, katika kitenge kilichofifia, sahani kumi na moja za santuri.

"Ni za ndugu yangu," akasema. "Zimetembea kuliko wewe, mwalimu."

Na kweli zimetembea. Ndugu yake alikuwa mmoja wa maelfu ya vijana wa West Nile waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira, upande wa Busoga. Wilaya yetu katika zama za ukoloni ilifanywa kuwa ghala la vibarua. Kule chini kulilimwa pamba, kahawa na miwa, na huku kwetu kukatolewa mikono. Lakini kijana aliyekwenda Kakira au Lugazi hakurudi na fedha peke yake. Alirudi na baiskeli, na koti, na maneno ya Kiswahili aliyoyapata kwa kuishi na Wajaluo, Waluhya na Wanyarwanda katika kambi moja. Na kama alikuwa mtu wa anasa kidogo, alirudi na mashine ya santuri ya kutumia betri. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964 mizigo ya namna hiyo ikazidi. Ndugu yake Hajati alikuwa mtu wa anasa kidogo. Kila mwaka alileta sahani mbili au tatu. Mwaka mmoja hakurudi. Ilikuja barua, kisha likaja sanduku.

Oktoba 1980, vita viliporudi Koboko na Arua, watu walivuka mpaka kwa maelfu kuingia Sudan na Zaire. Hajati alivukia Kaya na kuendelea hadi pande za Yei, mtoto mgongoni na sanduku kichwani. Alisimulia kwamba njiani walitupa vitu vingi: sufuria, mashine ya santuri yenyewe, hata godoro. Mume wake alimwomba mara mbili atupe na zile sahani, maana sahani bila mashine ni mzigo wa bure. Yeye akakataa. Hatukumwuliza sababu. Alijieleza mwenyewe, kwa sentensi moja, kwamba kaburi la ndugu yake liko Busoga na hajapata kuliona.

Sisi tulizaliwa katika miaka hiyo ya ukimbizi, na nyumbani kwetu hakikubaki kitu cha kabla ya vita isipokuwa jina la ukoo. Kwa hiyo msomaji atatusamehe tukisema kwamba tulizishika sahani zile kwa mikono miwili.

Nyingi zilikuwa za Kongo, kama ilivyo kawaida ya nyumba za mpakani. Tatu zilikuwa na karatasi ya katikati iliyoandikwa Equator, Nairobi. Moja kati ya hizo, yenye ufa mdogo ukingoni, ilikuwa imeliwa na unyevu nusu ya chini. Juu palisomeka maneno mawili, au tuseme neno moja mara mbili, HELULE HELULE, na chini yake jina la mwimbaji: Daudi Kabaka. Hajati hakuhitaji kusomewa. Alipapasa ukingo kwa kidole gumba, akaufikia ufa, akasema, "Hii ndiyo ya twisti."

Hakuna mtu Koboko aliyekuwa na mashine. Tuliruhusiwa kuichukua sahani hiyo moja hadi Arua, tukiwa na mjukuu wake kama dhamana, kwa fundi wa redio ambaye kibandani kwake hakitupwi kitu. Alikuwa na mashine ya zamani isiyokuwa na mkanda. Akaukata mpira wa ndani wa baiskeli, akautumia badala yake. Mara ya kwanza sauti ilitoka nzito kama ya mtu anayeota ndoto mbaya, kwa kuwa ule mpira ulikuwa unateleza. Mara ya pili umeme ulikatika. Mara ya tatu sahani ilizunguka mizunguko yake arobaini na mitano kwa dakika kama ilivyopasa, na ndani ya kile kibanda lilifunguka gitaa jembamba, la haraka, lenye furaha isiyokuwa na haya, na juu ya gitaa sauti za watu wanaoimba kwa pamoja, ya juu na ya chini zikifuatana karibu karibu kama miguu ya mtu mmoja. Waendesha bodaboda waliokuwa nje waliingia. Haikuzidi dakika tatu. Fundi akairudisha sindano mwanzo bila kuombwa.

Tangu hapo tulianza kutafuta. Tuliuliza wazee waliofanya kazi Nairobi, tulimpigia simu mwalimu mwenzetu wa Vihiga, tulisoma kila tulichokipata. Haya tunayoyaeleza hayatakuwa mageni kwa wasomaji wa Kenya waliokwisha kuvuka miaka sitini. Kwa vijana wa Arua ni mageni kama habari za mwezini.

Daudi Kabaka alizaliwa mwaka 1939, na hakuzaliwa Kenya. Alizaliwa Kyambogo, Kampala, wazazi wake wakiwa Waluhya kutoka upande wa Vihiga. Tuliposoma jina hilo tuliweka kitabu chini. Kyambogo ndiko kwenye chuo kilichotupa stashahada yetu ya ualimu. Cheti chetu kina jina hilo kwa herufi kubwa, na karibu kila mwalimu wa rika letu katika Uganda anacho kama hicho. Tulipita miaka yetu ya masomo kwenye kilima kile tukifundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya kuagizwa kutoka pwani, na hapana mhadhiri hata mmoja aliyetudokezea kwamba palepale alizaliwa mtu ambaye Afrika Mashariki nzima ilikuja kumwita mfalme wa twisti, na kwamba ufalme wake aliupata kwa Kiswahili.

Akiwa bado mdogo alihamia Nairobi, na huko akakulia katika muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwingereza mmoja, Charles Worrod, alikuwa ameinunua kampuni ya East African Records na kuanzisha studio ya Equator. Hapa inafaa kueleza jinsi studio ile ilivyofanya kazi, maana ndiyo siri ya sahani ile. Equator haikungoja bendi zije na nyimbo zao. Iliwaajiri wanamuziki wake yenyewe, wakawa wanakuja kazini kama makarani, wakipigiana magitaa na kuitikiana sauti kwa zamu. Leo mmoja ndiye mwimbaji na wengine ni wasaidizi. Kesho mpiga gitaa la jana ndiye anayetangulia kuimba. Jina la kwenye karatasi lilibadilika, watu walikuwa wale wale. Msomaji anayejua habari za Marekani atakumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Motown, iliyoanzishwa na Berry Gordy mjini Detroit mwaka 1959, iliendeshwa kwa utaratibu unaofanana na huo: nyumba moja, wapigaji wale wale, na waimbaji wengi waliopokezana chombo cha sauti. Kule ulizaliwa muziki wa soul uliosikika duniani kote. Nairobi ilizaliwa twisti ya Kiafrika, na hatuoni kwa nini moja iandikiwe vitabu na nyingine ikae chini ya nguo za sherehe.

Na waliokuwamo ni nani? Alikuwamo Fadhili William, Mtaita, aliyeirekodi Malaika na kuieneza, wimbo ambao baadaye uliimbwa na Miriam Makeba na, mwaka 1981, na kikundi cha Boney M. cha Ujerumani, na ambao mtungaji wake wa kweli wazee wa Kenya wangali wakibishania, wengine wakimtaja Adam Salim, wengine Grant Charo. Alikuwamo Gabriel Omolo, ambaye baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitamba na Lunchtime. Na walikuwamo vijana wawili kutoka mbali, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma, waliokuja kutoka Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu 1964 ni Zambia. Hao wawili, baada ya siku za Equator, ndio walioongoza Eagles Lupopo.

Tuyahesabu makabila hayo: Mluhya aliyezaliwa Buganda, Mtaita, Mjaluo, Wazambia wawili. Hatuoni kati yao hata mmoja aliyenyonya Kiswahili kwa mama yake mwambao wa pwani. Kila mmoja alikipata njiani, kama ndugu yake Hajati alivyokipata kambini Kakira. Hakuna askari aliyewaamrisha. Walikichagua kwa sababu mbili ambazo mwalimu yeyote angezionea wivu: kilieleweka toka Mombasa hadi Katanga, na kilikubali kuchezeka.

Huko Katanga nako tusikusahau. Kabla ya twisti, gitaa la kucharazwa kwa vidole lilikuwa limekwisha kusafiri kuja Nairobi kwa mikono ya akina Mwenda wa Bayeke, yaani Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 na ambaye aliimba kwa Kiswahili cha kwao. Wapigaji wa Nairobi waliliongeza kasi gitaa hilo, wakalichanganya na mwendo wa muziki wa Afrika Kusini uliokuwa unavuma wakati ule, kisha wakaupa mchanganyiko wao jina la dansi ya Marekani. Jina lenyewe lina kisa. Twisti ilianza kama wimbo wa kikundi cha waimbaji Weusi, Hank Ballard na Midnighters, ambao waliitoa mwaka 1959 ikiwa upande wa pili wa sahani, pale panapowekwa wimbo usiotarajiwa kitu. Mwaka uliofuata Chubby Checker akauimba upya, dunia ikainama ikanyonga viuno. Kwa hiyo mwenye wimbo wa kwanza alisahauliwa na wengi, na mwenye kuurudia akapata sifa.

Kisa hicho kilijirudia kwa sahani yetu. Mwaka 1968 kikundi cha Kiingereza kiitwacho The Tremeloes kilirekodi Helule Helule na kuitoa London. Hawa hawakuwa watu wadogo. Ndio waliochaguliwa na kampuni ya Decca baada ya majaribio ya siku ya kwanza ya mwaka 1962, ambayo Beatles nao walifanya wakakataliwa. Waimbaji wanaojua kupatanisha sauti zao, hilo hatuwanyimi. Wimbo wa mtoto wa Kyambogo ukafika nafasi ya kumi na nne katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Tumeusikiliza. Umepigwa vizuri, umenyooshwa kama shati la ofisini, na ule uchangamfu wa gitaa la kwanza umekaushwa. Huenda tunapendelea cha kwetu. Mwanafunzi mmoja alipousikia baada ya ule wa Kabaka alisema, "Hawa wanaimba kama watu waliosomewa barua," na hatukuona sababu ya kumsahihisha.

Tulijaribu pia kulitafuta neno lenyewe, helule, katika kamusi tuliyo nayo shuleni. Hatukuliona. Kwa mwalimu wa lugha hili ni jambo la kukosesha usingizi. Kwa Hajati halikuwa jambo hata kidogo. "Ni neno la kuchezea," alisema, akainua mabega mara mbili kuonyesha. Kwa ufafanuzi huo tulitosheka kuliko tulivyotoshelezwa na wataalamu wengi.

Mabega hayo yalitufungulia hadithi nyingine. Tulipomrudishia sahani yake tulikuwa na sauti yake katika simu, tumeinasa pale kibandani, na tukamchezea barazani. Hakulia, kama baadhi yenu mnavyotazamia. Alicheka, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akatusimulia habari za Arua ya siku za malipo ya tumbaku. Wakulima wakilipwa, mji ulijaa kwa siku tatu. Palikuwa na ngoma za agwara za upande wa Alur, palikuwa na adungu, wanawake wa Kinubi walikuwa na doluka yao. Na pembeni, mbele ya duka lenye mashine ya santuri, vijana waliorudi kutoka kusini walicheza twisti kwa viatu vyenye ncha. Wasichana wa Kiislamu hawakuruhusiwa kwenda kule. Yeye alikwenda, kwa kuwa aliyekuwa akiiendesha mashine ni ndugu yake, na nani angemkataza dada asimpelekee ndugu yake chakula? Alipeleka chakula siku tatu mfululizo. "Chakula kilipoa kila siku," alisema, na mjukuu wake akatazama chini kwa aibu ya kuambiwa mambo ya ujana wa bibi.

Baba yake alipopata habari alisema twisti ni kazi ya shetani. Mzee huyo hakuwa peke yake katika kanda hii. Novemba 1969 mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam, na magazeti yakajaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Mwaka huo huo ulikuwa umeanza kwa Operesheni Vijana ya TANU, iliyopiga vita sketi fupi na nywele za bandia. Hoja ilikuwa kwamba muziki ule ni wa kigeni na unaharibu utamaduni. Sisi tunaheshimu nia ya wakubwa wale. Nchi ilikuwa changa, na walitaka vijana wajipende. Hata hivyo, hoja ile ilisahau kuuliza soul ilitoka kwa nani. Ilitoka kwa wajukuu wa watu waliochukuliwa Afrika kwa minyororo. Na twisti ya Kabaka ilikuwa imekwisha kufanya kile ambacho amri haiwezi kufanya: ilikichukua kitu cha ng'ambo, ikakivika Kiswahili, ikakirudisha sokoni hata mwenyewe wa ng'ambo akaja kukinunua.

Mtu huyo huyo wa twisti, yafaa tukumbuke, ndiye aliyeimba Harambee Harambee, wimbo ambao redio ya taifa ya Kenya iliutumia kwa miaka mingi. Ndiye wa Msichana wa Elimu na Pole Musa. Aliweza kuwa mwimbaji wa taifa asubuhi na wa mabega jioni, wala Wakenya hawakuona mgongano.

Turudi darasani. Tuliwachezea wanafunzi wale wa kidato cha pili sahani ile kutoka katika simu, bila kuwaambia neno. Kisha tukawaambia mwimbaji alizaliwa wapi. Palikuwa na kimya, halafu yule kijana wa swali la furaha akauliza kama Kyambogo hiyo ni ile ile tunayoijua. Tukamwonyesha cheti chetu. Somo la siku hiyo lilikuwa vitenzi vya kurudiarudia, nao walituandikia mifano arobaini na sita, mingi yake isiyofaa kuchapishwa katika jarida la walimu.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba Kiswahili cha nyimbo zile za Nairobi si sanifu, kwamba upatanisho wa kisarufi humo hulegea, na kwamba kumpa mtoto lugha hiyo ni kumharibia mtihani. Hoja hii tumeisikia katika kila semina. Sisi tunasahihisha mitihani hiyo, nasi tunakiri kwamba mtahini hana alama za mabega. Lakini mtoto wa Koboko hukutana na Kiswahili sanifu kwa mara ya kwanza katika kitabu, hali amekwisha kukutana na Kiswahili kingine sokoni, na kingine kwa madereva wanaotoka Ariwara na Kaya. Akijua kwamba lugha hii imewahi kupendwa na watu waliokuwa wakiivunjavunja, ataogopa kidogo zaidi au kidogo pungufu kuisema mbele ya darasa? Katika darasa letu mikono inayonyooshwa imeongezeka. Zaidi ya hapo hatuna takwimu.

Fadhili William alifariki mwaka 2001, na Kabaka alimfuata mwaka huo huo. Nashil Pichen alikuwa ametangulia tangu 1991. Sahani zao zimepata bei ya ajabu. Wapo watu wa Ulaya na Marekani wanaozitafuta, na madalali wao wamekwisha kufika hata Kampala. Mmoja alipata fununu, akatuma mtu Koboko na fedha taslimu kwa sahani zote kumi na moja, kiasi ambacho kingeweza kulipa karo ya mjukuu kwa muhula mzima. Nasi tulikuwa tumekwenda siku hiyo na ombi letu, kwamba zitunzwe katika maktaba ya shule, ndani ya kabati lenye kufuli.

Hajati alitusikiliza sote wawili. Mnunuzi alimjibu kwamba yeye haujui mlango wa duka lake mwenyewe, labda aonyeshwe. Sisi tulijibiwa kwa upole zaidi. Alisema maktaba ni jambo jema, ila ndugu yake hakuwa mtu wa kupenda kukaa kimya, na kama shule ina fedha za kabati, basi shule ina fedha za mashine. Tuilete mashine hapa barazani, siku ya Jumamosi, na kila mwanafunzi atakayetaka kusikiliza aje na kuni.

Mashine tumeipata kwa yule fundi, na safari hii ina mkanda wa kweli. Mjukuu ameandika orodha ya sahani kumi na moja katika lile daftari lililokuwa tupu: jina la wimbo, mwimbaji, kampuni, na katika safu ya mwisho, ambayo ameibuni mwenyewe, mwaka ambao mjomba wa mama yake aliileta kutoka Kakira. Amefika sahani ya saba. Zilizosalia husubiri mpaka bibi amalize kukumbuka.